Maji, Hongo na Soko: Uchaguzi wa Vituo katika Njia ya Misafara ya Ugogo

Nahodha wa jahazi apitaye pwani ya Afrika ya Mashariki hukabiliwa kila safari na uchaguzi mmoja. Akitia nanga penye kisiwa kidogo kilicho mbali na watu, aghalabu hupata maji na kuni na utulivu, wala hapana forodha ya kumdai. Lakini soko hapana, na akipatwa na shida hana wa kumwauni. Akiingia bandari ya mji hupata kila akitakacho, ila kila kitu kina bei yake, na siku humpita akingoja ruhusa ya wakubwa wa mahali. Watu wa pwani walipoanza kwenda bara kwa wingi katika karne ya 19, uchaguzi huo waliukuta tena katika nchi kavu. Uwanda wa kati, ambao leo ni nchi ya Dodoma na majirani zake, ulikuwa kwao mfano wa bahari: pori refu lisilo na maji ndilo kilindi, na vijiji vya Wagogo vilivyokaa karibu na visima na maziwa yao ndivyo visiwa na bandari.

Habari za njia hiyo zimeandikwa mara nyingi, na karibu zote zimeandikwa na wapitao, si na wakaao. Hata maneno yaliyobaki katika Kiswahili kutokana na safari zile, kama vile hongo, ni maneno yaliyotiwa maana na msafiri aliyekuwa akitoa mali yake kwa uchungu. Kwa hiyo yafaa kutazama upya jinsi vituo vya njia hiyo vilivyochaguliwa: nani aliyechagua, kwa sababu gani, na nani aliyelipa gharama ya uchaguzi. Bila ya hayo ni vigumu kufahamu kwa nini Mpwapwa na Kilimatinde, vituo vilivyokuwa mashuhuri, vimepitwa na Dodoma, mahali ambapo misafara mikubwa haikupahesabu.

Njia kuu ilianza Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, ikapanda milima ya Usagara, ikafika Mpwapwa. Hapo palikuwa na maji mazuri yatokayo mlimani na chakula cha kununua, na misafara ilipenda kupumzika. Mbele yake ilikuwako Chunyo, ambako maji yake yalikuwa na chumvi na sifa mbaya. Kisha likaanza pori liitwalo Marenga Makali, lenye urefu wa maili 30 hivi, lisilokuwa na maji ya kutegemewa wakati wa kiangazi. Jina lenyewe laeleza habari zake, maana marenga ni maji katika lugha ya wenyeji, na maji makali ni maji machungu. Baada ya pori hilo ndipo msafara ulipoingia Ugogo penye watu: Mvumi, Matumbulu, Bihawana, Kanyenye, na kuendelea hadi Mdaburu. Upande wa magharibi wa Ugogo lilikuwako pori jingine, kubwa zaidi, liitwalo Mgunda Mkali, nalo lilivukwa kwa siku nyingi kabla ya kufika Tura na nchi ya Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Hivyo Ugogo ilikuwa kama funguvisiwa kati ya bahari mbili kavu. Aliyetoka mashariki alifika ana kiu, na aliyetoka magharibi alifika ana njaa.

Mvua katika uwanda huu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hata Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni chini ya milimita 600. Wagogo waliishi humo kwa ng'ombe, mtama na uwele. Katika miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi iliyopendwa na misafara mingi kwa kuwa mito haikufurika, maji ya Mgogo yalikuwa yale aliyoyachimba chini ya mchanga wa mito mikavu, au yaliyosalia katika ziwa dogo la kijiji. Maji hayo yalihesabiwa kwa watu na mifugo ya mahali. Msafara wa watu mia kadhaa, pamoja na punda wao, uliweza kuyapunguza maji ya kijiji kwa siku mbili tu kiasi cha kuwatia wenyeji mashakani. Jambo hili halikutajwa sana na wasafiri, nalo ndilo msingi wa yote yafuatayo.

Kwa kupambana na mapori hayo misafara ilikuwa na utaratibu wake ulioitwa terekeza. Richard Burton, aliyepita njia hii pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika neno hilo na kulifafanua. Msafara haukuondoka alfajiri kama ilivyo desturi, bali ulipika na kunywa, ukajaza vibuyu, ukaondoka baada ya adhuhuri. Ukalala porini pasipo maji, na kesho yake ukafanya haraka kufikia kisima kingine kabla ya jua kuwa kali. Kwa njia hiyo masafa ya siku mbili yalivukwa kwa maji ya siku moja. Terekeza ilikuwa hesabu ya kibaharia hasa, maana ilimwezesha mtu kupita mahali pasipo kituo. Lakini haikuwa na huruma: mpagazi mgonjwa au aliyechoka hakuweza kungojwa, kwa kuwa kumngoja mmoja kulikuwa ni kuwatia wote katika kiu.

Katika Ugogo penyewe tatizo halikuwa kiu bali hongo. Kila mtemi mwenye nchi alidai malipo kwa msafara uliotaka kupiga kambi na kuteka maji kwake, na malipo yalitolewa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa ushanga, na kwa masango. Kiasi hakikuwa kimoja. Kiliamuliwa kwa mashauri yaliyoweza kuchukua siku nzima au zaidi, na wajumbe wa mtemi walikwenda na kurudi mara nyingi wakikataa nguo hii na kuitaka ile. Mtemi Magomba wa Kanyenye alitajwa na Burton mwaka 1857. Naye Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alimkuta Magomba huyo huyo, miaka 14 baadaye, akidai haki yake kwa desturi ile ile. Udumifu huo wafaa kuangaliwa vyema. Mnyang'anyi wa njiani hakai mahali pamoja miaka 14 akipokea nguo kwa hesabu na kuwaachia wapitao waende salama. Lililokuwako Kanyenye lilikuwa forodha, na bidhaa yake ilikuwa maji, chakula na amani ya njia.

Ni kweli kwamba watemi wengine walizidisha madai, hasa walipojua kuwa mbele ya msafara kuna pori na nyuma kuna pori, na kwamba mgeni hana pa kwenda. Lakini mfanyabiashara wa pwani hakuwa mgeni wa jambo hilo. Pembe zake zilipofika Unguja zilitozwa ushuru wa forodha ya Sultani, naye alilipa bila ya kuiita dhuluma. Tofauti ilikuwa hii: kule Unguja mwenye forodha alikuwa na ngome na waandishi, na huku Ugogo mwenye forodha alikuwa na mikuki na kisima.

Basi uchaguzi wa kiongozi wa msafara ulikuwa huu: apite kwa watemi wengi, apate maji na nafaka na kulipa kila mahali, au aizunguke nchi ya watu kwa njia ya porini, aokoe nguo zake na kuhatarisha maisha ya watu wake. Wala yeye hakuwa mwenye kuamua peke yake. Mpagazi, ambaye aghalabu alikuwa Mnyamwezi, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kiasi cha ratili 70, na kuishi kwa posho aliyopewa ili ajinunulie chakula. Nguo zilizotolewa hongo hazikuwa zake. Tumbo lililokosa nafaka lilikuwa lake. Kwa hiyo tajiri na mpagazi waliitazama njia moja kwa macho mawili. Tajiri aliona mahali pa watu kuwa ni mahali pa hasara, ilhali mpagazi alipaona kuwa ni mahali pa uzima, pa kununua uwele na kupumzisha mabega. Na mpagazi alikuwa na silaha moja ambayo tajiri aliiogopa kuliko mikuki yote: kutua mzigo chini na kutoroka usiku.

Safari ya Stanley ya mwaka 1871 yaonyesha mvutano huo waziwazi. Kabla ya kuvuka Marenga Makali, misafara kadhaa iliyokuwa imekutana iliungana kuwa mmoja wenye watu 400 hivi, ili iingie Ugogo kwa nguvu na kushauriana juu ya hongo kwa sauti moja. Ni desturi ile ile ya majahazi kusafiri kwa kundi. Walipokaribia kutoka Ugogo upande wa magharibi, walikuta njia zaidi ya moja za kuingilia Mgunda Mkali, na viongozi wakabishana juu ya ipi ifuatwe. Njia iliyosifiwa kwa kukosa mtemi ilishutumiwa kwa kukosa maji, na yenye maji ilikuwa na mwenyewe wa kulipwa. Katika mabishano hayo nia ya wapagazi ilibidi ihesabiwe, maana mzigo hauendi mahali ambapo mchukuzi hataki kwenda.

Waliotangulia walikuwa wamekwisha kuonja upande wa pili wa uchaguzi huo. Speke na James Grant walipopita mwishoni mwa mwaka 1860 walikuta nchi ina upungufu wa chakula. Na katika kuuvuka Mgunda Mkali wapagazi wengi waliwatoroka, hata wakafika Unyanyembe mwezi wa Januari 1861 wakiwa wamepoteza sehemu kubwa ya mali yao. Hapakuwa na mtemi aliyewanyang'anya kiasi hicho. Mali ilichukuliwa na pori, kwa mkono wa watu wenye njaa.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa safari ya pili ya Stanley. Aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 na msafara mkubwa, akafika Mpwapwa Desemba, akaingia Ugogo. Mwanzoni mwa Januari 1875, alipofika magharibi ya Ugogo, aliiacha njia kuu ya Unyanyembe akaelekea kaskazini ili alifikie Ziwa Viktoria kwa njia ya mkato. Kwenye ramani uchaguzi huo ulikuwa na faida: masafa yalipungua, na vituo vilivyozoeleka, pamoja na gharama zake, viliachwa nyuma. Lakini njia kuu haikuwa mstari wa ramani tu. Ilikuwa mlolongo wa visima vinavyojulikana, wa watu waliozoea kuwauzia wasafiri chakula, na wa watemi waliokuwa na haja ya kuona kuwa mlipaji wa leo atarudi mwakani. Msafara ulipotoka katika mlolongo huo ulipotea porini, ukaona njaa, na watu wakafa. Edward Pocock, mmoja wa Waingereza waliofuatana na Stanley, alifariki kwa homa Januari 17 mahali paitwapo Chiwyu katika nchi ya Waturu. Siku chache baadaye, Vinyata, ambako hapakuwa na desturi ya hongo iliyojulikana kwa pande zote mbili, ulizuka ugomvi na wenyeji ukawa vita, na damu nyingi ikamwagika. Walionusurika walifika kando ya ziwa mwishoni mwa Februari. Kama hongo ya Ugogo ilikuwa ghali, yaliyompata Stanley katika njia isiyokuwa na hongo yalikuwa ghali zaidi.

Hata hivyo bahari hii kavu haikukaa katika hali moja. Hata kabla ya utawala wa Kizungu, Wakimbu walikuwa wakifyeka na kulima ndani ya Mgunda Mkali na kuufanya uwe na vituo. Msafara uliopita uliacha haja ya chakula, na haja ya chakula ikawavuta wakulima. Hivyo msafiri alichagua kituo, na kituo nacho kilijichagulia msafiri, kwa kwenda kukaa mahali atakapopita.

Utawala wa Kijerumani uliibadili hesabu yote. Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani katika vita dhidi ya Wajerumani, aliishambulia stesheni yao ya Mpwapwa mwaka 1889. Na mwaka huo huo Hermann von Wissmann akapanda bara na kujenga ngome hapo. Katika miaka ya 1890 ngome nyingine iliwekwa Kilimatinde, penye ukingo wa bonde, mahali pa kulinda mlango wa magharibi wa Ugogo. Hongo ya watemi ilikomeshwa kwa bunduki, na badala yake ikaja kodi ya serikali. Wasafiri wengi waliona kuwa njia imefunguliwa. Kwa Mgogo, haki ya kutoza maji yake ilikuwa imeondolewa, lakini haja ya wapitao ya kuyanywa maji hayo haikupungua hata kidogo.

Kisha likaja gari la moshi. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, jumla ya kilomita 1,250 hivi. Bagamoyo, bandari ya wapagazi, iliachwa, na Dar es Salaam ikashika nafasi yake. Barani pia mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mpagazi aliyapenda maji ya mlima na kivuli cha Mpwapwa, lakini injini haikupenda milima; reli ikapita bondeni, na Mpwapwa ikaachiwa kituo cha Gulwe, kusini yake. Kilimatinde nayo ikabaki juu ya ukingo wake, reli ikapita Saranda na kupanda Manyoni, na baadaye makao ya wilaya yakahamia huko. Mpwapwa ilisalia na chuo chake cha ualimu na uchunguzi wake wa mifugo, na Kilimatinde na hospitali yake ya misheni. Dodoma, ambayo njia ya zamani ilipita kusini yake kwa Matumbulu na Bihawana, sehemu ambazo leo zimo ndani ya eneo la jiji, ikapata stesheni, karakana, boma na soko.

Aliyechagua safari hii hakuwa tajiri wala mpagazi, bali mhandisi. Naye hakuyaepuka maji, maana injini ya mvuke hunywa kuliko punda mia. Lakini aliweza kuyachukua kwa matangi na kuyavuta kwa pampu. Kituo kikaacha kuwa mahali penye maji, kikawa mahali ambapo maji hupelekwa. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya uwanda huu, na lina hatari yake. Vita Kuu ya kwanza ilipochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, kisha mvua zikakosekana, njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1918 hata 1920, iliua watu wengi mno, na reli ikipita katikati yao.

Uchaguzi kati ya bara na bandari ulirudi tena kwa njia ya hewani. Shirika la ndege la Imperial Airways lilipofungua huduma yake ya kwenda Cape Town mwaka 1932, ndege zilitoka Nairobi zikapitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 shirika hilo likatia kazini ndege za kutua majini, na njia ikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kwa miaka mitano hivi Dodoma ilikuwa bandari ya dunia, kisha ikakosa maji ya kutosha kuitua ndege. Mara nyingine tena maji yaliamua, ingawa safari hii hayakuwa ya kunywa.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamisha makao makuu ya nchi kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma. Sababu zilizotajwa zilikuwa za umbali na usawa: Dodoma iko katikati, na serikali yafaa ikae karibu na watu wa vijijini kuliko na meli. Kwa mara ya kwanza tangu siku za misafara, uwanda wa kati haukuchaguliwa kwa kuwa uko njiani, bali kwa kuwa ndio mwisho wa safari. Utekelezaji ulikwenda polepole. Bunge lilihamia mwaka 1996, hatua za kuihamisha serikali zikaongezwa nguvu kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji na ikawekwa na sheria kuwa makao makuu. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam, na masafa yaliyomchukua mpagazi majuma mengi yakawa ya saa chache. Lakini jiji hilo hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini yake, yatokayo chini ya ardhi ile ile. Msafara uliopiga kambi safari hii hauna nia ya kuondoka asubuhi.

Yabaki maneno. Mgunda Mkali ni shamba kali, Marenga Makali ni maji machungu. Ukali huo ni wa mgeni aliyepita ana kiu, maana aliyezaliwa humo hakuwa na sababu ya kuiita nchi yake kali. Neno hongo lilikuwa jina la malipo ya wazi, yaliyotolewa mchana mbele ya mashahidi kwa mwenye nchi na mwenye maji. Leo maana iliyo mbele katika vinywa vya watu ni rushwa, malipo ya siri kwa asiyestahili. Hivyo hukumu ya mtoaji imekuwa maana ya neno, na hoja ya mpokeaji haikuandikwa. Mwanachuo asomaye hati za safari za karne ya 19, zikiwamo habari za maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na zile zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, hana budi kulirudishia neno hilo maana yake ya kwanza kabla ya kumhukumu Mgogo.

Jina la Dodoma lina asili nyingine. Wenyeji husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji penye kijito, akazama katika matope, na waliomwona wakasema idodomya, yaani amezama. Katika majina yote ya njia ile, hili si la mpita njia. Ni la watu waliokuwa wamesimama kando ya maji yao wakimtazama mgeni mkubwa aliyekuja kunywa.